Kabla Hujaitoa Injini ya Petroli kwenye Pikapu ya Mzee

Tangu tuliporekodi kile kipindi cha magari ya wazazi wetu, kuna swali moja ambalo halituachi. Linakuja kwa meseji, linakuja kwa sauti, juzi limenifuata mpaka kwenye harusi. Mzee ana pikapu ya zamani, injini ya petroli imeanza kuchoka, naye anasema tuitoe tuweke ya dizeli. Je, tumwambie nini?

Wenzangu wamenisukumia mimi swali hili kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ndiye mhasibu wa kikundi. Pili, kwetu jambo hili liko mezani tangu Machi. Pikapu imeegeshwa mbele ya nyumba ya wazazi wangu hapa Maplewood, dakika chache kutoka White Bear Avenue, na Baba ameshaanza kuulizia bei.

Gari lenyewe ni Toyota ya mwaka 1989. Dunia nzima inaiita Hilux, lakini Marekani waliliacha jina hilo katikati ya miaka ya 1970 wakawa wanaiuza kama pikapu ya Toyota, basi. Ina injini ya 22RE, lita 2.4, silinda nne. Baba aliinunua mwaka 1998. Kama wewe ni Mkenya uliyehamia upande huu wa Saint Paul kati ya mwaka huo na juzi, huenda kitanda chako cha kwanza kilipanda gari hili. Makochi, magodoro, sufuria za harambee, viti vya msibani, vyote vimepita humo. Watu hawakuwa wanampigia Baba simu Jumamosi kwa ajili ya mashauri. Walikuwa wanaitaka pikapu, naye alikuwa anakuja nayo.

Kwa hiyo mkisikia tunabishana kuhusu injini, jueni kwamba tunabishana pia kuhusu kitu kingine. Mzee anastaafu mwakani, na anataka kuipakia pikapu hiyo kwenye kontena aende nayo Kitale. Ndiyo maana anataka dizeli.

Wazee hawajakosea kupenda dizeli

Tuanze kwa heshima. Mtu aliyekulia Kenya au Tanzania akikwambia dizeli ndiyo injini, ana sababu zake. Kule, kwa kawaida, dizeli imekuwa ikiuzwa chini kidogo ya petroli. Injini za Toyota kama 2L, 3L na 5L zimebeba Hilux na Hiace kwa miongo mingi, na zinatumia pampu ya mafuta isiyohitaji kompyuta. Ikigoma njiani, fundi wa mji mdogo anaifungua kwa spana alizo nazo. Vipuri viko Kirinyaga Road pale Nairobi, viko Gerezani pale Dar es Salaam, na visipokuwepo kuna mtu ana binamu anayefanya biashara ya spea Sharjah.

Tena dizeli ina nguvu ya kuvuta. Inawaka kwa kugandamiza hewa mpaka ipate moto wa kutosha kuyalipua mafuta, bila cheche ya plagi. Injini ya petroli kama ya Baba hugandamiza hewa karibu mara 9, wakati dizeli za aina ile zinapita mara 20. Na galoni moja ya dizeli ina nishati zaidi ya galoni ya petroli, kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo Mzee akisema dizeli inakula kidogo na inavuta zaidi, anasema kweli. Suala ni kama ukweli wa Kitale unabaki kuwa ukweli ukiuhamishia Maplewood.

Kubadilisha injini hakuishii kwenye injini

Hapa ndipo wengi wetu tunadanganywa na video za dakika kumi. Unaona injini inashuka kwa winchi, muziki unapigwa, gari linawaka, watu wanapongezana. Yaliyo katikati hayaonyeshwi. Nimekaa na fundi mmoja wa hapa, akanitajia orodha, nami nikaiandika kama ankara.

Mashikio ya injini yanabadilika, kwa sababu dizeli ni nzito na inatetemeka zaidi. Giaboksi huenda isikubaliane na injini mpya, basi utafute nyingine au bamba la kuziunganisha. Springi za mbele ziongezwe nguvu. Radieta iwe kubwa. Tangi lisafishwe mpaka pasibaki petroli, kisha uweke bomba la kurudisha mafuta tangini, maana dizeli inayozidi kwenye pampu na nozeli lazima irudi. Chujio liwe la kutenganisha maji. Betri ziwe na nguvu, pengine mbili. Plagi za kupasha moto zipate waya na rilei zake.

Halafu kuna breki. Injini ya petroli inavuta hewa kwa namna inayosaidia mguu wako kukanyaga breki. Dizeli haivuti hivyo, kwa hiyo lazima uifungie pampu ya vakyumu. Ukiisahau, kanyagio litakuwa gumu kama jiwe siku unayoteremka na kochi la watu nyuma. Mwisho kuna difu: dizeli huzunguka polepole kuliko petroli, na ukiacha meno ya difu yaleyale, kwenye barabara kuu ya 36 utakuwa unaunguruma huku kila mtu anakupita.

Na je, injini itatoka wapi? Ipo Cummins ya 4BT, lita 3.9, ile ya magari ya kusambaza mikate. Watu wanaipenda sana, lakini ina zaidi ya pauni 700 na ilijengwa kwa gari la kazi nzito. Cummins hao hao waliwahi kutoa injini ndogo ya lita 2.8, R2.8, kwa ajili ya watu wenye magari ya zamani. Ilipotoka bei yake ilikuwa karibu dola 9,000, na hapo hujanunua giaboksi wala hujamlipa fundi. Zipo pia injini za Kijapani kama 1KZ, lita 3.0, ile ya Prado na Surf ambayo mafundi wa nyumbani wanaijua, pamoja na tabia yake ya kupasuka silinda hedi ikipata joto kali.

Baridi ya hapa haina adabu

Nairobi, asubuhi ya Julai ikishuka hadi nyuzi 10 watu wanavaa makoti mawili. Hapa, tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani kama 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Rekodi ya jimbo iliwekwa Tower tarehe 2 Februari 1996: 60 chini ya sifuri kwa Fahrenheit.

Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inaanza kuganda, mafuta yanakuwa kama uji, chujio linaziba, na injini haipati kitu. Ndiyo maana wakati wa baridi vituo huuza dizeli namba 1, ambayo haigandi upesi, au mchanganyiko wake na namba 2. Na kwa kuwa dizeli inategemea joto la hewa iliyogandamizwa, bloku ya chuma ikiwa baridi kama barafu inalinyonya joto hilo kabla mafuta hayajawaka. Utaona waya wa umeme unaning'inia mbele ya magari ya watu hapa Minnesota: ni wa hita ya bloku, unachomekwa ukutani usiku kucha.

Kuna na jambo la Minnesota peke yake. Jimbo hili lilikuwa la kwanza nchini kulazimisha dizeli ichanganywe na mafuta ya mimea, mwaka 2005, hasa ya soya ya wakulima wetu. Kuanzia 2018, wakati wa kiangazi kiwango ni asilimia 20, na baridi kinashuka hadi 5. Mafuta ya soya huganda mapema kuliko dizeli tupu, na pia husafisha uchafu wa miaka kwenye tangi kuukuu na kuupeleka moja kwa moja kwenye chujio. Kwa hiyo ukiwa na tangi la mwaka 1989, nunua machujio mawili. Ukiacha mafuta ya Agosti yalale humo mpaka Januari, utajua hujui.

Haya yote yanawezekana. Madereva wa malori wanaishi nayo kila siku. Lakini Mzee wa miaka 67, anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu kwenye nyumba ya kulea wazee, anataka gari linalowaka.

Sheria: hapa wengi wanakosea

Utasikia mtu anasema, "Minnesota hawapimi moshi, weka unachotaka." Nusu ya kwanza ni kweli. Upimaji wa moshi katika eneo la Miji Pacha ulianza mwaka 1991 ukafutwa mwaka 1999. Lakini sheria ya hewa safi ni ya serikali kuu, nayo haikufutwa pamoja na vituo vya kupimia.

Msimamo wa EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, ni huu: gari likibadilishwa injini, lazima lilingane na gari la aina hiyo lililothibitishwa kuuzwa Marekani, la mwaka uleule au mpya zaidi, pamoja na vifaa vyote vya kupunguza moshi. Injini ya gari la kazi nzito kwenye pikapu nyepesi haikubaliki, hata ikiwa mpya. Injini ambayo haikuwahi kuthibitishwa kwa soko la hapa nayo haina mlango.

Sasa uone ajabu yake. Toyota waliwahi kuuza pikapu za dizeli hapa Marekani, kuanzia mwanzoni mpaka katikati ya miaka ya 1980. Mafuta yakashuka bei, wanunuzi wakapungua, wakaacha. Kama gari la Baba lingekuwa la 1984, angeweza kutafuta injini kamili ya dizeli ya Toyota iliyouzwa hapahapa mwaka huo au baada yake, na njia ingekuwa wazi, ingawa spea ni za kuwinda. Gari lake ni la 1989.

Ajabu ya pili: ukiagiza Hilux nzima ya dizeli kutoka Japani, yenye zaidi ya miaka 25 na injini yake ya asili, sheria za serikali kuu zinakuruhusu. Kwa usalama wa gari kikomo ni miaka 25, kwa moshi ni 21. Yaani gari zima linaingia, lakini injini yake peke yake ukiipachika kwenye gari lako ni kosa. Kabla hujalipa hata senti, mwombe fundi akuandikie injini hiyo ilithibitishwa kwa gari gani na mwaka gani. Akianza kucheka, una jibu lako.

Hesabu, maana ndiyo kazi yangu

Chukua mfano. Pikapu inakwenda maili 6,000 kwa mwaka. Kwa petroli inapata maili 20 kwa galoni, kwa hiyo inakula galoni 300. Kwa dizeli tuseme inapata 27, basi ni galoni 222. Umeokoa galoni 78, vizuri sana. Sasa weka bei. Hapa dizeli kwa kawaida inaipita petroli. Hata kodi ya serikali kuu ni senti 24.4 kwa galoni ya dizeli, na 18.4 kwa petroli. Tukisema petroli ni dola 3 na dizeli ni 3.75, petroli ya mwaka ni dola 900 na dizeli ni 833. Tofauti ni dola 67.

Sasa tuseme kazi yote, injini na ufundi, imekugharimu dola 8,000, na hiyo ni bei ya kirafiki. Gawanya kwa 67. Pesa yako itarudi baada ya miaka 119. Weka bei za kituo cha kwenu na maili zenu, lakini usitegemee jibu litakalomfaa mtu anayestaafu mwakani.

Na kontena je?

Hili ndilo lililoniuma kumwambia. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Pikapu ya 1989, usukani kushoto, haipiti. Hata ukiipa injini iliyotoka kiwandani jana, mwaka wa gari hauhami. Wenye wazazi wa Uganda, kule tangu 2018 kikomo ni miaka 15. Tanzania wanapokea magari makuukuu, ila unalipia uzee wake kwa kodi ya nyongeza.

Fikiria hilo kidogo. Marekani inalikataa gari la nje mpaka lizeeke miaka 25. Kenya inalikataa likishapita 8. Sisi na wazazi wetu tunaishi katikati ya milango hiyo miwili.

Anzia chini, si mbele

Kabla ya kuongea habari ya injini yoyote, lala chini ya gari. Chumvi ya barabara za hapa inakula chasisi kimyakimya. Chukua nyundo ndogo, gonga reli zote mbili, hasa pale springi za nyuma zinaposhika. Chuma kizima kinalia ting, kilichooza kinalia puf. Toyota yenyewe ilikubali mwaka 2016 kumaliza kesi kubwa ya chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa hiyo usione aibu kugonga. Chasisi ikiwa imeoza, mjadala umeisha. Hakuna injini inayostahili kukaa juu ya biskuti.

Chasisi ikiwa nzima, ndipo upime kompresheni kwenye kila silinda. Ni kazi ya saa moja, na ndiyo itakuambia kama injini imechoka kweli au inalalamika tu. Wenye 22R na 22RE mnisikilize hapa: injini hizi zina ugonjwa unaojulikana. Vile vishikio vya plastiki vinavyoongoza cheni ya taimingi huvunjika vikizeeka, na cheni inaanza kugonga kava. Unasikia mlio wa karanga kwenye sufuria asubuhi gari likiwaka. Ukiuacha, cheni itakula kava mpaka itoboke, na maji yachanganyike na oili. Ukiuwahi, unabadilisha cheni na vishikio vyake, na injini inaendelea miaka mingine.

Mlio wa karanga ndio Baba alikuwa anauita "injini imekwisha".

Kumwambia Mzee

Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko giaboksi. Huwezi kumwendea baba yako na jedwali la kompyuta ukamwambia ndoto yake italipa baada ya miaka 119. Mimi nilimwomba kwanza twende wote kwa fundi. Kompresheni ikapimwa mbele yake, silinda zote nne zikatoka karibu sawa. Chasisi akaigonga mwenyewe. Ina kutu, lakini inalia ting.

Tukiwa kwenye maegesho nikamwambia, "Baba, injini haijafa. Ni cheni."

Akanyamaza, kisha akauliza, "Na Kitale?"

Nikamweleza habari ya miaka 8 na usukani. Alikuwa ameshasikia, nadhani, ila hakutaka kuisikia kutoka kwa mtu wa nyumbani. Akaangalia gari. "Miaka yote hii nimebebea watu vitu," akasema. "Nilitaka na mimi linibebee vyangu."

Sikuwa na jibu la kihasibu kwa hilo. Nikamwambia tu kwamba Kitale anaweza kununua pikapu ya dizeli iliyo na usukani upande wake. Isuzu D-Max zinaunganishwa Nairobi palepale, na mafundi wanazijua. Zile dola 8,000 ziwe mwanzo wa hiyo. Hii ya hapa tuibadilishie cheni, tuipake dawa ya kutu, ibaki Maplewood, na simu za Jumamosi zianze kuja kwangu.

Alifikiri wiki nzima. Jumapili iliyofuata akanipa funguo za akiba, akasema, "Klachi yake usiikanyage kama unaua nyoka." Cheni inabadilishwa mwezi huu.

Kwa hiyo, ni nani abadilishe? Mtu mwenye chasisi nzima, injini iliyothibitishwa kwa gari la aina yake na mwaka wake au mpya zaidi, gereji yenye joto, mikono yake mwenyewe, na gari la pili la kumpeleka kazini miezi sita pikapu ikiwa mafungu. Mtu anayefanya kwa mapenzi, bila kujidanganya kwamba anaokoa pesa. Wengine wote: gonga chasisi, pima kompresheni, tengeneza ulicho nacho. Na kama mzazi wako anang'ang'ania dizeli, kabla ya kubishana naye kuhusu mafuta, muulize anataka kwenda wapi nalo.

Maneno ya wiki hii

*Chasisi*: fremu ya chuma inayobeba gari zima. Kwa chumvi ya Minnesota, ndiyo inayokufa kwanza.

*Kompresheni*: mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ukiwa chini kwenye silinda moja, kuna mahali panavuja.

*Difu*: meno ya ekseli yanayogawa mzunguko kwa magurudumu.

*Mtumba*: kitu kilichotumika na mwingine kabla yako. Si nguo tu, hata magari.

*Ankara*: karatasi ya madai ya malipo. Iombe kabla ya kazi, usiisubiri baada yake.

Tuandikie: kwenu kuna gari gani ambalo mzazi amekataa kuliuza, na anasemaje mkimuuliza? Tutayasoma kwenye kipindi kijacho. Mkiandika kwa Kiswahili cha kuchanganya, hakuna neno. Sisi wenyewe ndicho tulicho nacho.